Taa ya Dagaa na Kengele ya Shule

Msafiri apitaye Igoma, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, huona maduka mengi madogo yauzayo paneli za sola, betri, nyaya na taa. Ndani ya maduka hayo hakosi kukuta visanduku vinavyoitwa chaji kontrola, navyo vingi vimechapwa herufi tatu: PWM. Siku moja niliwauliza wauzaji wawili maana ya herufi hizo. Mmoja alisema ni jina la kiwanda. Wa pili alisema ni alama ya ubora. Vijana wawili wa kidato cha nne waliokuwa wamesimama karibu walicheka, lakini nilipowageukia, nao hawakuwa na jibu.

Sitaki kuwalaumu. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kubadili upana wa mapigo, na hakuna aliyewafundisha. Lakini jambo lenyewe limo katika chaji kontrola, katika feni, katika taa za pikipiki na katika taa za wavuvi wa ziwa letu. Rai yangu katika makala haya ni kwamba jambo hili lifundishwe katika shule za sekondari, na lifundishwe kuanzia kwenye mzizi wake, yaani saa iliyomo ndani ya maikrokontrola na mkatizo uletwao na saa hiyo. Tukifundisha jinsi ya kubonyeza vitufe na kunakili programu za wengine tu, tutakuwa tumeongeza idadi ya wanunuzi, wala si idadi ya mafundi.

Tuanze na taa. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku, hasa katika siku za giza, kwa sababu mbalamwezi huishinda nguvu taa ya mvuvi. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Katika miaka ya karibuni wavuvi wengi wamehamia taa za LED zinazotumia betri, nazo betri huchajiwa mchana kwa sola au kwa umeme wa gridi. Faida ya taa hizi ni kubwa, lakini zimeleta swali ambalo karabai haikuliuliza: betri itafika alfajiri?

Hesabu yake ni rahisi. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7, mfano wa zile ndogo zinazouzwa madukani. Nishati yake ni 12 mara 7, yaani wati-saa 84. Betri ya risasi na asidi haifai kumalizwa kabisa, maana huharibika upesi. Basi tutumie nusu tu, wati-saa 42. Taa ya wati 12 ikiwaka kwa nguvu zote itazimaliza wati-saa hizo kwa saa tatu na nusu, na usiku utakuwa bado mrefu. Lakini mvuvi hahitaji mwanga wote wakati wote. Tuseme anataka nguvu zote kwa saa 2, na robo ya nguvu kwa saa 6. Saa 2 mara wati 12 ni wati-saa 24. Saa 6 mara wati 3 ni wati-saa 18. Jumla ni 42. Betri ileile iliyodumu saa tatu na nusu sasa inadumu saa nane. Hesabu hii ni ya karatasi, na ziwani kutakuwa na upungufu wake, lakini inaonyesha kwamba kupunguza mwanga kwa kipimo si anasa.

Mwanga hupunguzwaje? Njia ya kwanza ambayo mwanafunzi wa fizikia huifikiria ni kuweka rezista. Njia hii hufanya kazi, lakini sehemu ya nishati hugeuka joto ndani ya rezista, na mvuvi hulipia joto asilolihitaji. Njia ya pili ni kuwasha na kuzima taa upesi sana, mara 100 kwa sekunde, na katika kila mzunguko kuiacha iwake robo tu ya muda. Jicho la binadamu haliwezi kuufuata mwendo huo. Huona mwanga hafifu uliotulia. Transista inayowasha na kuzima haipati joto jingi, kwa sababu inapokuwa imefunga hakuna mkondo unaopita, na inapokuwa imefungua volti iliyobaki juu yake ni ndogo. Huko ndiko kubadili upana wa mapigo: idadi ya mapigo kwa sekunde haibadiliki, kinachobadilika ni muda ambao kila pigo hudumu.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Huko Igoma nilikutana na kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayetengeneza simu na redio kando ya barabara. Alikuwa ameunda taa ya namna hiyo kwa kutumia maikrokontrola iitwayo ATmega328P, ambayo ndiyo iliyomo katika bodi ya Arduino Uno inayojulikana sana mashuleni. Programu yake ilikuwa ya kawaida: washa, subiri milisekunde 5, zima, subiri milisekunde 5, rudia. Taa iliwaka vizuri kwa nusu ya nguvu. Ndipo mvuvi mmoja, mtu mzima, akamwomba aongeze jambo la maana kabisa: taa imwonyeshe kiasi cha umeme kilichobaki katika betri. Kijana akaongeza sehemu ya kupima volti na kuandika namba kwenye kioo kidogo. Tangu hapo taa ikaanza kupepesa. Mvuvi aliirudisha, akasema inamuumiza macho.

Kijana aliniambia, "Mwalimu, nimebadilisha transista mara tatu. Nimebadilisha hata betri."

Transista haikuwa na kosa, wala betri. Kupima na kuandika kulichukua takriban milisekunde 40, na muda huo wote taa ilikaa imezimwa ikingoja zamu yake. Alikuwa ameifanya maikrokontrola kuwa mtumishi wa kazi moja, kisha akaipa kazi mbili. Alitumia fedha yake kununua vipuri visivyohitajika, akapoteza mteja, kwa kukosa somo ambalo lingeelezwa ubaoni kwa vipindi viwili. Hasara ya namna hii haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu cha taifa, lakini ipo, na huwaangukia watu wasio na akiba.

Somo lenyewe ni hili. Maikrokontrola ni kompyuta nzima katika kipande kimoja: ina prosesa, kumbukumbu, miguu ya kupokelea na kutolea umeme, na vihesabu muda ambavyo mafundi huviita taima. Taima huhesabu midundo ya saa ya ndani bila kumshughulisha prosesa. Inapofika namba iliyowekewa, inaweza kumwita prosesa. Mwito huo ndio mkatizo.

Mwalimu asitafute mfano mbali. Aitazame shule yake. Mwalimu wa hisabati anapofundisha hatazami saa kila dakika, la sivyo hatafundisha. Yupo mwenye kazi ya kuitazama saa na kupiga kengele. Kengele ikilia, mwalimu huweka alama kwenye ukurasa aliofikia, huenda kufanya lile alilopangiwa, kisha hurudi na kuendelea palepale. Prosesa naye hufanya vivyo hivyo: huandika katika kumbukumbu mahali alipofikia, huenda kutekeleza kifungu kifupi cha programu kilichowekwa kwa ajili ya mkatizo huo, kisha hurejea. Kijana wa Igoma alikuwa amemfanya mwalimu mmoja afundishe na kutazama saa kwa wakati mmoja.

Na hesabu? Zipo, nazo ni za kugawanya tu. Bodi niliyoitaja ina saa ya midundo 16,000,000 kwa sekunde. Taima yake inaweza kupunguziwa kasi kwa kugawanya midundo hiyo kwa 8, ikabaki 2,000,000. Tukiiamuru ihesabu 200 kisha ianze upya na kupiga kengele, tutapata mikatizo 10,000 kwa sekunde. Katika kila mkatizo tunaongeza moja kwenye hesabu yetu, na ikifika 100 tunairudisha 0. Ikiwa hesabu hiyo ni ndogo kuliko kiwango tulichokitaka, tunawasha taa. La sivyo tunaizima. Kwa hiyo mzunguko mzima huchukua mikatizo 100, na taa hupata mapigo 100 kwa sekunde, yaani hezi 100, yenye ngazi za mwanga kuanzia 0 hadi 100. Kwa robo ya nguvu, kiwango ni 25. Wakati huohuo programu kuu inapima betri na kuandika kwenye kioo bila haraka, na taa haipepesi.

Hata kosa dogo hapa lina mafunzo. Ili taima ihesabu 200, namba ya kuandika ni 199, kwa sababu inaanza na 0. Anayeandika 200 hupata hesabu 201, na mapigo yake huwa kama 99.5 kwa sekunde badala ya 100. Kwa taa si neno. Kwa saa ya ukutani, kosa hilo ni zaidi ya dakika saba kwa siku.

Wapo watakaoniambia kwamba kuna njia iliyo fupi zaidi: bodi hiyo ina amri iliyo tayari ya kutoa mapigo, mwanafunzi huandika mstari mmoja na kazi ikaisha. Ni kweli, na katika kazi nyingi hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu taima yenyewe inaweza kulinganisha namba na kugeuza mguu wake bila kumwita prosesa hata kidogo. Tena iko sababu ya kihesabu inayotulazimisha kuitumia. Tuseme tunataka kuendesha mota ya feni kwa mapigo 20,000 kwa sekunde ili mluzi wake usisikike na sikio. Kwa njia ya mikatizo yenye ngazi 100 tungehitaji mikatizo 2,000,000 kwa sekunde. Saa ina midundo 16,000,000. Kila mkatizo ungebakiwa na midundo 8. Lakini prosesa hii hutumia midundo isiyopungua 4 kuingia katika mkatizo, na midundo 4 kutoka. Midundo 8 imekwisha, na kazi haijaanza. Hapo njia ya mikatizo imegonga ukuta. Tukiiachia taima ihesabu 800 bila kugawanya kasi, itatoa mapigo 20,000 kwa sekunde yenyewe, na prosesa atakuwa huru.

Lakini tazama, msomaji: ni nani awezaye kujua ni lini njia fupi inafaa na ni lini haifai? Ni yule aliyefanya hesabu ya midundo 8. Miguu ya namna hiyo katika ATmega328P ni sita tu. Mwenye taa kumi zenye mwanga tofauti atarudi kwenye mikatizo apende asipende. Na katika mapigo 100 kwa sekunde mikatizo haina gharama kubwa: kati ya mkatizo mmoja na mwingine kuna midundo 1,600, na kifungu kinachotumia midundo 64 kimechukua sehemu 4 tu katika kila 100 za muda wa prosesa. Aliyejua amri moja tu hana la kuchagua, na siku amri hiyo isipofaa atabadilisha transista mara tatu kama kijana wetu.

Mkatizo una hatari zake pia, nazo zafaa zifundishwe mapema. Prosesa ya biti 8 husoma namba kubwa kuliko 255 kwa vipande viwili. Tuseme hesabu inayobadilishwa na mkatizo ni 255, na programu kuu imekwisha kusoma kipande chake kidogo, ambacho ni 255. Kabla haijasoma kipande kikubwa, mkatizo unaingia na kuifanya hesabu kuwa 256, ambayo kipande chake kikubwa ni 1. Programu kuu inarejea, inasoma 1, inaunganisha, na kupata 256 jumlisha 255, yaani 511. Namba hiyo haikuwepo wakati wowote. Dawa yake ni kuzuia mikatizo kwa kitambo kidogo wakati wa kusoma. Kosa hili hutokea mara moja katika mara maelfu, na fundi asiyelijua atasema kifaa kina mashetani. Sijui somo linaloweza kumfundisha kijana kufikiri kwa utaratibu kuliko hili.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba shule zetu hazina maabara. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya somo hili haihitaji maabara. Hesabu zote nilizozitoa zimefanyika kwa kalamu. Mkatizo waweza kuigizwa darasani: mwanafunzi mmoja awe prosesa anayesoma kitabu kwa sauti, wa pili awe taima anayehesabu kimoyomoyo hadi 10 na kugonga dawati, wa tatu awe taa anayeinua na kushusha mkono. Na shule yenye bodi moja tu inaweza kuona mapigo bila osiloskopu: chumba kiwe na giza, mtu aipunge taa ndogo ya LED upande hadi upande kwa haraka. Badala ya mstari mzima wa mwanga, wanafunzi wataona vistari vilivyokatikakatika. Wabadili kiwango kutoka 25 hadi 75, na wataona vistari hivyo vikirefuka.

Pingamizi la pili ni kwamba walimu wenyewe hawakufundishwa. Hilo ni kweli, na sisi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu katika lawama. Mimi mwenyewe nilijifunza mikatizo ughaibuni, kwa mifano ya mashine za viwanda ambazo sikupata kuziona. Niliporudi, nilifundisha kwa mifano ileile miaka kadhaa kabla sijatambua kwamba mfano bora ulikuwa ukielea ziwani kila usiku wa giza. Vyuo vyetu vingeweza kutumia majuma mawili ya likizo kukaa na walimu wa fizikia wa wilaya zinazopakana navyo. Sidhani kwamba kazi hiyo ingehitaji fedha nyingi kuliko tunazotumia katika mikutano.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba haya ni mambo ya mataifa makubwa, na sisi tungoje. Historia yatuonya. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine zilizonunuliwa kuleta hasara na matatizo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, na ulikwisha kuondolewa zamani. Lakini mwaka huohuo wa 1974 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza TMS 1000, mojawapo ya maikrokontrola za kwanza kabisa duniani. Wakati sisi tukifunga mlango wa mbele kwa mashine kubwa, mashine ndogo zilikuwa zikizaliwa ambazo zingekuja kuingia kupitia dirishani: ndani ya redio, saa, simu na taa. Leo hakuna awezaye kuzizuia. Lililobaki ni kuchagua kama zitaingia tukizielewa au tusipozielewa.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wengi waliuelewa kuwa ni habari za jembe na shamba la shule. Jembe la wakati huo lilikuwa chombo cha kazi cha mazingira ya mwanafunzi. Kwa kijana wa Igoma wa leo, chombo cha kazi ni bisibisi, kipima umeme na bodi ndogo. Sera ya elimu katika toleo lake la 2023 imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Nafasi ipo, tusiijaze kwa kunakili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, saa, taima na mkatizo viingizwe katika mazoezi ya fizikia na ya kompyuta, kwa hesabu kabla ya bodi. Pili, mitihani iulize sababu: isiulize tu mwanafunzi aandike programu ya kupunguza mwanga, imwulize kwa nini taa ilipepesa. Tatu, shule zilizo karibu na mafundi wa barabarani ziwaalike darasani, waje na vifaa vilivyowashinda. Fundi atapata maelezo, na mwanafunzi atapata swali la kweli.

Kijana wetu aliipata dawa yake jioni ileile. Tulikaa juu ya benchi lake, tukagawanya 16,000,000 kwa 8, kisha kwa 200, nyuma ya kadi ya betri. Alipoona 10,000 ikitokea, alinyang'anya kalamu akamalizia mwenyewe. Taa ilitulia. Kisha akauliza kama angeweza kutumia kengele ileile kuipunguza taa polepole betri inapokaribia kuchoka, ili mvuvi asikute giza la ghafla katikati ya maji. Sikumpa jibu la swali hilo, maana tayari alikuwa nalo.

Nanyi wanafunzi, fanyeni zoezi hili kabla ya kufunga jarida: maikrokontrola ina saa ya midundo 8,000,000 kwa sekunde, na taima inagawanya kwa 8. Mnataka mapigo 125 kwa sekunde yenye ngazi 100. Taima ihesabu midundo mingapi kati ya mkatizo na mkatizo, na namba ya kuandika ni ipi? Atakayepata 80 kwa swali la kwanza na 79 kwa la pili, amwendee mwalimu wake amwombe bodi. Mwalimu asipokuwa nayo, na waende pamoja hadi kwa fundi.